Sakafu na Dari ya Uwambo

Wasafiri wengi wanaorudi kutoka nchi za mbali hutuchosha kwa habari za njia: mvua iliyowanyeshea, viatu vilivyochanika, na bei ya maandazi. Bi Tunu Salehe hakuwa na tabia hiyo. Alipoulizwa alifikaje Uwambo, alijibu kwamba alifika, na kwamba mtu aliyefika hana haja ya kuthibitisha kuwa alikwenda. Basi nasi tuanzie pale alipokuwa ameketi, jikoni kwa mwenyeji wake Bi Sikudhani, akipuliza chai ya tangawizi na kujaribu kutambua kama kitu kilicho mbele yake ni paka au ni kikapu.

Alikuwa muuguzi mstaafu, na macho yake yalikuwa yamechakaa kwa kusoma vipimajoto katika wodi zisizo na mwanga wa kutosha. Kwa ajili ya macho hayo alibeba kurunzi kubwa ya chuma, nzito kama mchi. Hakuipenda. Aliibeba kama mwingine abebavyo mkongojo. Siku hiyo ya kwanza ilikuwa bado ndani ya mkoba, imezimwa, kwa kuwa Bi Tunu hakuwa mtu wa kupoteza betri.

Uwambo ni nchi ya ukungu. Ukungu wake hauondoki masika wala kiangazi, kwa hiyo kila nyumba huwasha kandili moja mchana kutwa. Mafuta yote ya nchi hukamuliwa katika kinu kimoja, na tambi zote husokotwa na ukoo mmoja. Mtu angedhani kwamba Wawambo wanajua jinsi kandili zao zinavyofanana. Hawajui, maana kuitazama taa ya mtu kwa karibu ni utovu wa adabu, sawa na kumfunulia sufuria yake jikoni. Anayetaka kuijua taa ya jirani huenda uwanjani akatazama Kiwambo.

Kiwambo ni ukuta mrefu wa vigae. Kila nyumba ina kigae chake kimoja, kimepangwa kwa mtaa wake, hivi kwamba mtu akisimama mbali kidogo huiona nchi nzima kwa mara moja. Rangi za vigae ni kumi na sita, kuanzia makaa hadi chokaa, na kati yake kuna vijivu vya kila namna.

"Kigae chetu ni kile," alisema Bi Sikudhani walipofika uwanjani, akionyesha kwa kidevu.

Bi Tunu alikunja uso. "Kile cheusi?"

"Cheusi kuliko vyote, dada yangu. Mimi ndiye Sakafu." Alilitamka neno hilo kama mtu atajaye cheo alichorithi kwa baba yake.

Ilibidi Bi Tunu aelezwe. Katika nchi ile kuna Sheria ya Kujaza Kiwambo, isemayo kwamba ukuta uliogharimu jasho la mababu usiachwe hata siku moja bila makaa yake na bila chokaa yake. Kwa hiyo kila adhuhuri mpimaji hupita na sanduku lake lenye tundu. Ndani ya sanduku hupangwa karatasi nyembamba zilizopakwa mafuta, moja baada ya moja, mpaka mwanga wa taa uishie. Nyumba yenye taa hafifu kuliko zote huitwa Sakafu, na kigae chake huwa makaa. Yenye taa kali kuliko zote huitwa Dari, nayo hupewa chokaa. Nyumba nyingine zote hugawiwa rangi kwa kadiri zinavyoikaribia Dari.

"Na taa yako inapita karatasi ngapi?" aliuliza Bi Tunu.

"Sitini."

"Na ya huyo Dari?"

"Bwana Ubwa? Sitini na nne."

Bi Tunu aliinama akachomoa mwiba usiokuwapo katika kiatu chake, ili asionekane anacheka. Karatasi nne. Wawambo walikuwa wamekata kila karatasi robo nne, ndipo zikapatikana daraja kumi na sita za kuijaza nchi nzima kutoka weusi hadi weupe.

Na kwa daraja hizo waliishi. Mtu wa chokaa huingia nyumba ya watu kwa mlango wa mbele. Mtu wa makaa huzunguka nyuma, ambako vizingiti vya juu vya milango huwekwa chini makusudi. Arusini, chokaa huketi na makaa hubeba viti. Wa vijivu hufanya hivi au vile kulingana na sikukuu. Wala hapakuwa na chuki katika mambo haya. Kila mwaka wakuu wa nchi humpelekea Sakafu kilo mbili za sukari na hotuba, wakimshukuru kwamba bila yeye wasingekuwa na pa kuanzia kuhesabu. Bi Sikudhani alikuwa akiitunza sukari hiyo kabatini na kuwapa wageni tu.

Jambo moja peke yake lilimuuma, na jambo hilo lilikuwa likilia kimyakimya nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Binti yake, Raya, alipendana na Vuai, mwana wa Bwana Ubwa. Sheria ya nchi hairuhusu ndoa kati ya nyumba zilizopishana zaidi ya rangi tatu. Kati ya Raya na Vuai palikuwa na Kiwambo kizima. Bwana Ubwa alikwishapeleka posa ya mwanawe kwenye nyumba nyingine ya chokaa, na jibu lilikuwa linangojwa Ijumaa.

"Bwana Ubwa ni mkatili?" aliuliza Bi Tunu.

"Mkatili? Hata. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyenunua sanda. Aliileta mwenyewe, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wa mbele kwa kuwa hakutaka kuingia akanitia haya." Bi Sikudhani alifunga khanga yake vizuri. "Anaogopa tu. Mwanawe akioa makaa, atainama vizingitini maisha yake yote. Mzazi gani anataka hivyo?"

Kesho yake mpimaji alibisha hodi. Wageni nao hupimwa katika Uwambo, na banda la uani alimolala Bi Tunu lina kigae chake pembeni kabisa mwa ukuta.

"Washa unachoonea, bibi," alisema mpimaji, mtu mpole mwenye masizi puani.

Bi Tunu alitoa kurunzi akaiwasha mbele ya tundu. Mpimaji akapanga karatasi mpaka zikamwishia. Akaomba radhi, akaenda kuazima nyingine katika shule ya jirani, akarudi na mafungu mawili, akazipanga. Ilipofika karatasi ya elfu moja mwanga ulikuwa umesalia kama ncha ya sindano. Aliliweka sanduku chini taratibu, akavua kofia.

"Shikamoo," alisema, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Marahaba, lakini sikiliza, mwenzangu. Hii naibeba kwa sababu sioni. Mimi nina macho mabovu."

"Ndiyo, bibi," alijibu mpimaji, kama asiyesikia neno lolote. "Tafadhali usiizime. Dari haizimwi."

Wapangaji wa vigae walifanya kazi yao kwa hesabu ileile waliyofundishwa. Sakafu ilikuwa sitini, Dari elfu moja, na kati yake daraja kumi na sita zilizo sawa. Kila daraja sasa ilikuwa pana kiasi cha karatasi karibu sitini. Sitini na nne, karatasi za Bwana Ubwa, zilikuwa hazijavuka hata ngazi ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata Wawambo walitoka nje wakaikuta nchi yao yote ni makaa. Mtaa kwa mtaa, kutoka kinuni hadi makaburini, Kiwambo kilikuwa cheusi kama chungu, na pembeni kabisa, mahali pa banda la uani, kulikuwa na kigae kimoja cheupe.

Bi Tunu aliwaona wakipita barabarani kwa heshima na mshangao. Hakuna aliyepiga kelele. Kwa kuwa kila mtu alikuwa makaa, kila mtu alizunguka nyuma ya nyumba ya mwenzake, na milango ya mbele ya nchi nzima ilikaa bila kazi. Kwenye arusi moja iliyofanyika siku ile, watu wote walibeba viti na hakuna aliyeketi. Wakala pilau wamesimama, kila mmoja na kiti mkononi. Akina mama walimletea Bi Tunu watoto wachanga ili awapake mate utosini. Walimu walimwomba afungue semina. Bi Tunu alimwambia kila mmoja kwamba macho yake mwenyewe ni mabovu, na kila mmoja akatabasamu kwa adabu, kama watu wanaomsikia mkubwa akijishusha.

Saa za alasiri kishindo kikubwa kilisikika kwenye mlango wa nyuma, kikafuatwa na neno ambalo halifai kuandikwa hapa.

Alikuwa Bwana Ubwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kupita mlango wa nyuma wa mtu, wala hakujua kwamba vizingiti vyake viko usawa wa paji la uso.

"Ingia, Bwana Ubwa, ingia," alisema Bi Sikudhani. "Inama kwanza. Basi, umekwishajigonga, haidhuru. Keti hapa."

"Nimekuja kumwona mgeni," alisema Bwana Ubwa, amejishika kichwa. "Nimekuja kumwomba, kwa heshima zote, aizime hiyo taa au aondoke nayo."

"Ningependa," alisema Bi Tunu. "Nimekatazwa kuizima."

"Tulia nikufunge kitambaa," alisema Bi Sikudhani. Akachovya kitambaa katika maji ya mtungi, akakikamua, akamkandamiza. Ili aone jeraha vizuri alisogeza kandili, akaiweka mezani mbele yake. Bwana Ubwa aligeuza macho upande, kama mtu mwenye malezi. Lakini kitambaa kilikuwa baridi, na chai ikaletwa ikiwa na sukari ile ya hotuba, na mtu hawezi kutazama ukuta muda wote anapokunywa chai. Baada ya kitambo akaitazama taa.

Aliitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hii ya kila siku? Haikuongezwa utambi?"

"Utambi unatoka mlango uleule unaotoka wako, Bwana Ubwa."

Alimaliza chai, akashukuru, akajigonga tena alipokuwa akitoka.

Jioni ile Vuai alimwambia Raya ukutani, na Raya akamwambia mama yake, jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona na hakuna aliyelifikiri: makaa na makaa hayapishani hata rangi moja. Kulipokucha wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya Bwana Shaame, Mkuu wa Kiwambo, wakiomba kuandikishwa.

Bwana Shaame aliita Baraza. Bi Tunu aliketishwa kiti cha mbele na kurunzi yake mapajani, inawaka. Aliona jambo ambalo wajumbe hawakuliona, kwa kuwa aliishi na chombo hicho miaka mingi: mwanga wake ulikuwa umeanza kuwa wa manjano.

Mjumbe wa kwanza alitaka mgeni asindikizwe mpakani kwa ngoma. Wa pili alisema kumfukuza mgeni ni aibu. Afadhali itungwe sheria kwamba taa yoyote ipitayo sitini na nne ihesabiwe chokaa tu, hata ikiwa jua, na mambo yarudi kama zamani. Mjumbe mmoja mwanamke, aliyekuwa akifuma kofia tangu mwanzo, alisema kosa si la mgeni bali la ngazi. Kwa nini ngazi zote ziwe sawa? Wenye mwanga mdogo wapewe ngazi nyingi fupifupi, na wenye mwanga mkubwa wapewe chache ndefu, ili kila mtu aonekane. Akaambiwa kwamba hilo ni jambo zuri sana na litajadiliwa mwakani. Akaendelea na kofia yake.

"Hoja yangu ni fupi," alisema Bwana Ubwa, kitambaa bado kichwani. "Mwanangu ni chokaa."

"Alikuwa chokaa juzi, baba," alisema Bwana Shaame. "Kiwambo cha leo kinasema makaa."

"Lakini taa yangu haikubadilika!"

"Hakuna taa iliyobadilika hata moja. Iliyobadilika ni Dari." Bwana Shaame alivua miwani akaifuta. "Ukitaka niseme kwamba Kiwambo hakisemi kweli leo, itabidi nieleze kama kilisema kweli mwaka jana. Na mimi nina miaka mitatu tu kabla ya kustaafu."

Baraza likacheka, na Bwana Ubwa akaketi.

Ikaamuliwa hivi. Sheria ya mjumbe wa pili itaanza kutumika kesho. Ndoa ya leo itahukumiwa kwa kigae cha leo, na kigae cha leo ni kwa kipimo cha adhuhuri hii. Bwana Shaame, aliyekuwa mwepesi wa hesabu, akakokotoa mbele ya watu wote: ikiwa taa ya mgeni itapita karatasi sabini na saba au zaidi, Raya na Vuai hawatapishana zaidi ya rangi tatu, na ndoa itafungwa. Ikiwa pungufu, hakuna ndoa, na kesho kutwa ni Ijumaa.

Watu walitabasamu. Chombo kilichopita elfu moja kitashindwaje na sabini na saba?

Bi Tunu hakutabasamu. Alimvuta Bi Sikudhani mkono wakaenda jikoni, akafungua kitako cha kurunzi, akazimimina betri mezani. Alizing'ata moja moja kwa magego, kama alivyofundishwa wodini umeme ulipokatika. Kisha akazipanga kwenye ukingo wa jiko zipate joto.

"Zinaumwa?" aliuliza Raya, akiwa amesimama mlangoni na hina mbichi mikononi.

"Zinakufa, mwanangu."

"Na ukiwaambia?"

"Nimewaambia mambo mengi tangu nifike. Wanaangalia kigae changu, hawanisikii." Akazirudisha betri, akabonyeza. Ilikuja rangi ya chungwa, dhaifu, ikatulia.

Adhuhuri sanduku likawekwa katikati ya uwanja, na nchi nzima ikalizunguka ndani ya ukungu. Kurunzi ikaelekezwa kwenye tundu, ikafunikwa blanketi ili mwanga wa kandili za watu usiingie. Mpimaji akaanza kupanga. Hamsini ikapita. Sitini ikapita. Ilipofika sabini, mpimaji aliinamia tundu muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kusema "naam".

Baada ya sabini na moja alijiinua akasugua macho. "Mkuu, mimi sina hakika tena. Sheria inasema mpimaji akisita, Dari aliyeondoka ndiye shahidi."

Watu walimtafuta Bwana Ubwa. Alikuwa amesimama upande wa mashariki, karibu na Vuai. Vuai hakumwomba kitu. Alitazama viatu vyake.

Bwana Ubwa alifika sandukuni. Alikuwa mtu mrefu, na ilimbidi apige magoti. Mpimaji akaweka ya sabini na mbili, kisha ya sabini na tatu, na kila mara Bwana Ubwa aliweka jicho tunduni, akasema "naam" kwa sauti ya mtu anayejibu jina lake shuleni. Sabini na sita. "Naam." Kisha mpimaji akaishika karatasi moja kwa vidole viwili, akaiinua juu watu waione, akaiteremsha mahali pake.

Bwana Ubwa aliinamia tundu. Alikaa hapo mpaka mtoto mmoja akaanza kukohoa, akakohoa, akamaliza. Bi Sikudhani, upande wa pili wa uwanja, alikuwa amekazia macho kitambaa kilichofungwa kichwani pa mtu yule, fundo alilolifunga yeye.

"Ninaiona," alisema Bwana Ubwa.

"Una hakika, baba?" aliuliza Bwana Shaame.

"Ni ndogo. Ni nyekundu. Ninaiona vizuri." Akasimama, akapangusa magoti. "Andika."

Vigelegele vilipigwa mpaka ukungu ukatikisika. Katika msongamano huo Bi Tunu alienda kuchukua mali yake chini ya blanketi. Aliinua kurunzi akaigeuza usoni mwake, asione kitu. Hilo halikumshangaza, maana macho yake yalikuwa yaleyale. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo. Kurunzi iliyokuwa ikiwaka, hata kwa udhaifu, huacha joto kidogo la balbu. Kioo kilikuwa baridi kama kijiko.

Bi Tunu hakuwahi kumsamehe mgonjwa aliyemdanganya kuhusu dawa. Safari hii, hata hivyo, aliifunga kurunzi ndani ya khanga, akaitia mkobani, akaenda kula pilau.

Kesho yake sheria mpya ilianza kazi, na Kiwambo kikarudi kama kilivyokuwa: makaa yake, chokaa yake na vijivu vyake. Sakafu alikuwa Bi Sikudhani. Dari alikuwa Bwana Ubwa. Nyumba mpya ya Raya na Vuai ilipimwa ikapata kijivu cha katikati, na wapangaji wa vigae walibishana kutwa nzima iwapo watu wake wapite mbele au nyuma, wasiafikiane. Bi Tunu aliulizwa maoni, akasema wapite palipo karibu.

Siku alipoaga, alikuwa jikoni akifunga mkoba wake kwa mwanga wa kandili ya Sakafu, ile hafifu kuliko zote katika nchi ile, na aliona kila kitu alichohitaji kukiona, pamoja na paka, ambaye alikuwa paka kweli. Hodi ikapigwa nyuma.

"Mlango wa mbele uko wazi, Bwana Dari," alisema Bi Sikudhani bila kugeuka.

"Najua."

"Na Kiwambo kinakuruhusu."

"Najua, mkwe. Lakini chai iko huku."

Akainama, mapema na chini kuliko ilivyohitajika, akaingia. Bi Tunu alipokuwa akitoka kwa mlango uleule, aliona kwamba kizingiti kimeviringishiwa kitambaa kikuukuu, kikafungwa kwa fundo alilolijua.